Mjomba Alisema Unatunzwa

Mama,

Hali sikuulizi, maana najua ungejibu njema tu. Hata homa ikikupanda, ukiulizwa ni "sijambo, alhamdulillah."

Leo nimetoka ile ofisi ya manispaa. Nilipeleka cheti chako cha kifo ili jina lako liondolewe kwenye maombi ya umeme wa bure wa wazee. Nilidhani bado yanasubiri, kama kaka yako, Mjomba Hamadi, alivyokuwa akituambia majira yote ya baridi: "Serikali ina mambo mengi, subirini." Eish, Mama! Karani akafungua faili, akanisomea. Ombi lilikataliwa siku ileile mliyokwenda wewe na Mjomba. Imeandikwa kwamba mwombaji amesema hana shida, na kaka yake aliyekuja kumtafsiria amethibitisha kwamba yeye ndiye anayemtunza.

Anakutunza! Tangu lini? Blanketi moja alikuletea, nalo la kwenye ndege.

Najua kilichomshika. Aibu. Mtu ana ghorofa Sandton kwa matajiri, isikike dada yake wa vyumba vya kupanga vya Jeppestown anaomba serikalini? Lakini yeye mwenyewe anapewa, Mama. Mwenye nyumba akishafika umri anapunguziwa bili ya umeme, wala haulizwi ana magari mangapi. Anayehojiwa ni mpangaji wa chumba kama wewe. Siku ya hitima yako nilikuwa kwake. Hita inawaka sebuleni, na sisi wote tuko uani tunakula pilau. Wewe ulikuwa unalala na koti na soksi mbilimbili, kifua kinakoroma, hita tumeizima ili umeme ubaki wa kupikia. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Nimelia njia nzima. Halafu nikakumbuka jambo, likaniuma zaidi. Mjomba alizungumza na karani kwa Kizulu. Na Kizulu, kwa miaka yote uliyouza khanga pale Newtown, ulikuwa unakimwaga kuliko yeye. Mkalimani hukumhitaji. Ulimchukua kwa heshima tu, kwa kuwa ni kaka yako mkubwa. Basi ulimsikia. Ulimsikia, ukanyamaza, ukarudi ukaniambia tungoje. Wewe uliyenifundisha kwamba mficha uchi hazai! Mimi mwanao ulinificha kwa nini? Ningekwenda mwenyewe. Ningegombana nao mpaka nitolewe na askari.

Nina hasira na wewe, Mama. Nakupenda, na nina hasira, na sijui mtu anamgombezaje marehemu.

Jumapili ukoo unakutana kwa Mjomba kugawana vitu vyako. Nitakwenda. Nakala ya ile karatasi nimeiomba, ninayo mkobani. Nitaisoma mbele ya mkewe na wanawe, neno kwa neno, kwa Kiswahili, asipate pa kujificha.

Kwaheri, Mama. Mungu akupanulie kaburi lako. Ulibeba aibu ya kaka yako mpaka ikakuua. Nakuahidi, Jumapili namrudishia mwenyewe.

Mwanao,
Saumu