Seif, Mdakaji Wetu wa Ilford

Mdogo wangu mpenzi Seif,

Ulipopiga simu Ijumaa ile ukasema, "Dada, nimestaafu," nilicheka hata kabla sijakuuliza hali. Nyumbani kwetu neno hilo ni la Baba, mtu aliyeendesha basi hapa mashariki ya London mpaka ndevu zikawa nyeupe. Wewe una miaka thelathini na nne, na binti yako hajaanza hata skuli. Siku hiyo nilikuwa kwa wazee, nikaenda jikoni kumwambia Mama. Aliweka mwiko chini, akavuta pumzi, akasema, "Alhamdulillahi. Sasa hakuna tena wa kumwangusha mwanangu." Kisha akarudi kwenye mchuzi wake huku anaimba, na unajua Mama haimbi ovyo.

Lakini kabla hujakata simu ulisema jambo ambalo sikulipenda. Ulisema umecheza mpira Kanada miaka yote hiyo na hukuwa lolote. Ndiyo maana nakuandikia.

Unaikumbuka siku ile ya bustani? Tulikuwa tunatoka madukani Ilford, mimi na wewe, umebeba mfuko wa mihogo na nazi. Ulikuwa kijana wa miaka kumi na sita, miguu mirefu kuliko suruali zote alizokununulia Mama. Kundi la watu waliovaa helmeti lilikuwa likifanya mazoezi kwenye nyasi, ule mpira wa Kimarekani wa kurushiana kwa mikono, na mpira wao ukaponyoka, ukaja juu kwa juu kuelekea kichwani kwangu. Hukuutua mfuko. Ulinyoosha mkono mmoja, ukaudaka, ukabaki unautazama kama mtu aliyekamata kuku wa jirani. Kocha wao, Mkanada mwenye ndevu nyekundu aliyekuwa akisomesha skuli huku kwetu, alikuja mbio.

"Unachezea timu gani?"

"Sichezi," ukamjibu.

Akaitazama mikono yako, akautazama mfuko. "Jumapili njoo," akasema. "Mfuko uache nyumbani."

Baba hakupendezwa. Alitaka uwe mfamasia, uvae koti jeupe, watu wa Wete, kwetu Pemba, wasikie. Ulipokuja na ule mpira wenye ncha mbili, aliuchukua akaugeuzageuza mikononi. "Huu si mpira, Seif. Hili papai." Ukamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yenu nyinyi mliozaliwa huku, kwamba papai haliruki hivyo. Mama akageukia ukutani apate kucheka. Baba akakuruhusu kwa sharti kwamba masomo yasianguke, na hayakuanguka. Kocha yule akakuombea nafasi kwenye chuo kikuu cha kwao, usome huku unacheza, na Baba akawa hana tena pa kukatalia. Siku ya safari uliondoka umebeba halua ya Mama na koti ambalo lingewatosha watu wawili.

Ulipomaliza chuo, timu ya kulipwa ikakuchukua. Tulipika biriani, tukaita majirani. Kabla msimu haujaanza, ukapiga simu. "Mama, wamenikata."

Mama akakaa kitini polepole. "Wamekukata wapi, mwanangu?"

Alidhani ni kisu. Nikaichukua simu, nikamweleza kwamba timu ikimwacha mchezaji ndivyo wanavyosema huko. Akashusha pumzi. "Basi hilo si neno. Kama mwili mzima, hilo si neno." Uliniambia baadaye kwamba ulicheka mpaka machozi yakakutoka, na kwamba siku ile ulikuwa huna kingine cha kuchekea. Majira yote ya baridi ukawa unapakia maboksi ghalani na kukimbia kwenye theluji. Msimu uliofuata timu nyingine ikakuita, ya mji ule wa mashamba ya ngano usiokuwa na kilima hata kimoja, na huko ndiko ulikokaa.

Mechi zenu nyingi zilichezwa huku sisi tumelala, kwa hiyo tulizitazama asubuhi, zikiwa zimerekodiwa. Sijui kama nimewahi kukueleza asubuhi zile zilikuwaje. Mama alikaanga maandazi. Mimi nilikuja na wanangu, na hakuna aliyeruhusiwa kufungua simu yake asije akajua matokeo. Baba alikaa pembeni na gazeti, akisema yeye hayumo, lakini ukurasa haukugeuzwa mpaka mechi imekwisha. Ukidaka, watoto waliruka juu ya kochi. Ukiangushwa, Mama alimuuliza Baba, "Yule mnene anamtakia nini?" Baba akajibu kutoka nyuma ya gazeti, "Ndiyo kazi yake."

Halafu likaja lile goti. Tulikuona ukianguka na hakuna aliyekugusa, na mara moja tukajua. Uliposema utapasuliwa, Baba alisikiliza mpaka mwisho, akaingia chumbani, akatoka na pasipoti. Mtu ambaye hajawahi kupanda ndege peke yake tangu afike Uingereza akaruka mpaka Kanada wakati wa theluji, akakaa na wewe mpaka ukatupa magongo. Wewe ndiye uliyenisimulia siku ile mtaalamu wa viungo alipolikunja goti kwa mara ya kwanza, ukauma taulo, na Baba kasimama ukutani. Mliporudi, mlangoni kwako akakuambia, "N'likidhani unacheza. Kumbe unafanya kazi." Toka hapo akawa anakusugua goti kila siku kwa mafuta ya karafuu, mpaka wenzako wakauliza harufu ile nzuri inatoka wapi.

Alirudi London mtu mwingine. Alitupangia vikombe mezani akatufundisha mchezo wenu. "Kule Kanada uwanja ni mpana zaidi," akasema, "na mdakaji anaruhusiwa kuanza mbio kabla mpira haujatolewa. Kwa Wamarekani huwezi. Seif akifika kwenye mstari wa kuanzia, tayari anaruka." Mama akamwambia arudishe vikombe, wageni wanakuja.

Na nusu fainali ile. Tulikuja wote huko Kanada, unakumbuka, Mama kavaa makoti mawili juu ya buibui na bado anatetemeka. Mpira wa kwanza uliorushiwa ulikuteleza mikononi. Watu wote waliotuzunguka wakaguna. Mama akamgeukia bwana mmoja aliyekaa nyuma yetu, akamweleza kwa Kiswahili, "Mikono yake imepata baridi tu." Yule bwana akaitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa. Tulikaa hivyo, mmepitwa, muda unayoyoma, mimi nimeacha kutazama saa. Ndipo nikakuona unaanza mbio kutoka nyuma, ukavuka mstari kwa kasi, na yule mpinzani aliyekuwa akikukaba akabaki anageuka. Mpira ukaenda juu sana, kuelekea pembeni kabisa. Ukajinyoosha, ukaanguka nao, na waamuzi wakainua mikono juu: bao la ushindi.

Baba alisimama, akavua kofia katika baridi ile, akaishika kifuani. Yule bwana wa nyuma akamuuliza kwa Kiingereza kama anamjua mchezaji yule. Kiingereza chote kikamtoka Baba kichwani. "Mwanangu yule," akasema. "Wa kumzaa mwenyewe." Yule bwana hakuelewa hata neno moja, akamkumbatia.

Fainali mlifungwa, na kombe hukulishika. Najua hilo ndilo linalokuuma, na mimi siwezi kulibadilisha. Lakini kuna jambo wewe usingeweza kuliona, kwa kuwa ulikuwa mdogo, halafu ukawa mbali. Mimi nililetwa huku nimebebwa mgongoni, nimekua nikiwatazama wazee wetu. Miaka mingi waliishi London kama watu waliokaa stesheni, masanduku juu ya kabati, mazungumzo yote ya nyuma: nyumba iliyoachwa Pemba, nani amekufa, nani amebaki. Ilipofika miaka yako ya mpira, wakaanza kuulizana, "Mechi lini?" Seif, sikuwahi kabla ya hapo kuwasikia wazee wetu wakiisubiri siku ambayo bado haijafika. Mwaka ule uliposajiliwa tena baada ya goti, Mama aliyashusha masanduku yale, akatia mablanketi ndani. Mimi mwenyewe ndiye niliyemshikia ngazi.

Usiseme tena hukuwa lolote. Ukisema, usiseme mbele yangu.

Sasa njoo na mkeo na mtoto kama ulivyoahidi. Baba keshawaambia watu wote msikitini, na wengine wanadhani unakuja kufundisha timu ya taifa. Mama amepaka rangi chumba chako, rangi ambayo hutaipenda, na utasema umeipenda. Asubuhi ya kwanza lala mpaka adhuhuri. Huna mazoezi, huna ndege ya kuwahi, na Mama kesha kunionya mimi mwenye ufunguo wa nyumba nisije nikakugongea mlango wa chumba.

Nakukumbatia, mdogo wangu.

Dada yako,
Zuwena