Kabla Baba Hajaniona Barabarani

Jumatatu, 14 Julai

Mafuta. Upepo tairi la nyuma. Kisha foleni ya kijiwe. Maili Moja imejaa watu wanaowahi kazini Dar, kila mmoja amekunja uso. Nilikuwa namshusha abiria Tangini, kaka Hamisi akapiga simu kutoka kijijini, Chole. Baba amepata nafasi ya kutolewa mtoto wa jicho, hospitali ya huku. Atafikia kwangu. Wiki hii hii.

Nikasema alhamdulillahi. Kisha nikakaa kwenye bajaji, injini inanguruma, siendi popote.

Baba anajua mimi ni fundi cherehani. Ilikuwa kweli. Duka lilipofungwa nikajifunza bajaji, sikumwambia. Tangu baba mdogo Shabani afe kwa kugongwa na lori akiwa kwenye bodaboda yake, njia ya Kisarawe, baba aliapa hakuna mtoto wake atakayetafuta riziki barabarani. Akatuapisha na sisi. Hamisi anajua nimevunja kiapo. Amenifichia.

Jumanne, 15 Julai

Nimefagia chumba mara mbili. Nimetoa cherehani chini ya kitanda, nimeifuta, nimeiweka dirishani. Kisha nikawaza jambo baya: haoni. Naweza kuegesha bajaji mlangoni na asijue.

Sijipendi leo.

Alhamisi, 17 Julai



Hamisi alisema watakuja kesho. Leo asubuhi niko wa kwanza kwenye foleni, nimejifunga mtandio mdomoni kwa ajili ya vumbi. Side, mwenzangu wa kijiwe, akaniletea abiria amemshika mkono. "Mzee, panda hapa, huyu haendeshi kama chizi." Nikageuka. Baba. Fimbo, kofia, mfuko wa mihogo. Jirani wa Chole aliyekuja naye alikuwa keshapanda gari lake la Chalinze.

Nilipaswa kusema. Nikabana sauti: "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nipeleke Tangini, kwa binti yangu. Anaitwa Mwanaidi, ni fundi wa nguo." Akanielekeza nyumba yangu mwenyewe.

Nikaendesha. Akawa anaongea, tena kwa majivuno. Kwamba binti yake hashindi juani. Kwamba sindano haijawahi kumgonga mtu. Kwamba alikuwa na mdogo wake, Shabani, aliyepewa bodaboda na yeye mwenyewe, aliuza korosho za msimu mzima ainunue. Hilo sikuwahi kulijua. Miaka yote hii hakutuambia. Akamwambia dereva asiyemjua.

Nikamshusha kwa mama Neema, jirani yangu. Nikazunguka mtaa wa nyuma, nikaacha bajaji, nikavua kizibao cha kijiwe, nikarudi kwa miguu nikihema. "Baba! Umefika lini?" Sauti yangu ilinikera mwenyewe.

Ijumaa, 18 Julai

Sikuingia kazini. Nimeshona mto ambao hauhitajiki, ili asikie cherehani.

Akasema, "Aliyenileta jana alikuwa dada mmoja mkimya. Anaendesha kwa adabu. Lakini wazazi wake wamekosea kumwachia."

Nikasema ndiyo, baba.

Jumapili, 20 Julai

Siwezi kukaa. Nimekwenda dukani mara tatu bila cha kununua. Ningeendesha tu, hata bila abiria, nikapumua. Baba ameuliza kwa nini natembeatembea kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jumatatu, 21 Julai

Side, niliyemwambia kila kitu, ametupeleka hospitali. Nimekaa nyuma na baba kama abiria. Kila tuta mguu wangu unatafuta breki. Side anaovateki ovyo, nikauma meno. Baba akaninong'oneza, "Yule wa juzi alikuwa bora."

Side akanitazama kwenye kioo. Hakucheka. Alipotushusha akaniita pembeni: "Mwanaidi, mwambie. Akifunguliwa jicho atakuona tu. Bora akuone umesimama kuliko akukute unajificha."

Wamemfanyia. Imekwenda salama. Amelala wodini, jicho limefunikwa. Nilikaa naye mpaka wakatutoa. Nilitaka kumwambia. Akashika kidole changu kama mtoto, nikashindwa.

Jumanne, 22 Julai

Nimekwenda kumchukua na bajaji yangu. Nimevaa kizibao. Sikujifunga mtandio.

Nesi alimtoa mpaka nje. Jicho jekundu, limefumbuka. Akanitazama usoni muda mrefu, akatabasamu. "Umekonda." Kisha akaona kizibao. Kisha funguo mkononi. Kisha bajaji.

Nikasema yote, pale pale, watu wanapita. Duka kufungwa. Kujifunza. Kwamba Alhamisi ni mimi niliyemleta.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akasema, "Kwa hiyo nilimweleza mtu habari za Shabani, na mtu huyo ni wewe."

Akachukua fimbo, akaanza kutembea.

Baba yangu, jana tu kapasuliwa jicho, anatembea kando ya barabara, jua la saa sita. Nikawasha, nikamfuata polepole nyuma yake. Malori yananipigia honi. Watu wanacheka, wengine wanauliza nimemfanya nini mzee wa watu. "Baba, panda." Fimbo ikaendelea kugonga lami. "Baba, vumbi litaingia jichoni." Akaongeza mwendo. Nilikuwa nalia na kuendesha, jambo ambalo kijiweni tumekatazana.

Kwenye mzunguko wa Tangini lori la mchanga likarudi nyuma bila kuangalia. Baba alikuwa hajalizoea jicho jipya, hakuliona lori. Nikaingiza bajaji kati yake na lori, nikabonyeza honi mpaka likasimama. Kioo changu cha pembeni kimevunjika. Dereva akatukana.

Baba akasimama akitazama vipande vya kioo. Kisha akapanda. Nikampeleka nyumbani.

Jumatano, 23 Julai

Amekula. Ameswali. Matone ya dawa ananiachia nimtie, haniangalii.

Nina hasira pia. Sijaiba. Sijamdhuru mtu.

Alhamisi, 24 Julai

Nimerudi kutoka kazini nikamkuta ameinama kwenye bajaji ya mama Neema iliyoegeshwa nje, anamuuliza mwenyewe breki iko wapi. Aliponiona akajifanya anafunga kiatu. Amevaa kandambili.

Ijumaa, 25 Julai

Amekataa basi. "Nipeleke mpaka Kisarawe. Hamisi atanipokea huko."

Njia nzima: punguza mwendo, kona hiyo, tuta hilo, yule mwenye baiskeli umemwona? Nimemwona, baba. Mahali fulani akanigusa bega nisimame. Akashuka. Nilipajua, ingawa sijawahi kufika naye. Akainua mikono, akaomba dua, akafuta uso. Nikaitikia amina nikiwa nimesimama pembeni yake.

Stendi ya Kisarawe akaniambia, "Sijakubali, Mwanaidi. Usije ukadhani nimekubali."

"Nimesikia, baba."

Akapanda gari la Chole na Hamisi. Nikageuza.

Nimefika Tangini jua linazama. Nimeosha bajaji, nimepika ugali kidogo. Simu ikaita. Baba hajawahi kunipigia mwenyewe, siku zote ni Hamisi.

"Umefika?"

"Nimefika, baba."

"Haya."

Akakata. Nimekula. Mihogo aliyoleta bado ipo, nitaichemsha kesho.