Muulizeni Bibi Mwenyewe

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku Leeds imenipasua midomo na mafuta ya nazi uliyonipa yamekwisha. Goti lako je? Na huko Likoni mvua zimeanza? Huku kila mtu ananiuliza Uhuru wetu ni lini, utadhani mimi ndiye niliyeushika.

Ombi la Mjomba Athumani nimelisoma mara mbili. Ataka nimwandikie Bibi kwamba uvimbe wa titi ni jipu tu, ili akubali kupelekwa Nairobi kukatwa, maana mimi, mjukuu wake muuguzi, ataniamini. Mama, daktari amewaambia ninyi ni saratani, naye mwenye titi hamkumwambia. Ngoja kwanza nikueleze jambo la kazini.

Sista mkuu wa wodi yetu anafanya utafiti. Anataka kujua wazee na wagonjwa wa saratani wangependa kuuguzwa vipi, ili tubadilishe tunavyowahudumia. Alitupa madaftari tukaulize. Mimi, kwa adabu uliyonilea nayo, nikaona haya kumhoji mtu mzima kitandani pake. Nikawangoja watoto wao waje kuwatazama, nikawauliza wao. Daftari likajaa! Nikampelekea Sista, najiona hodari. Akalifungua, akasema, "Zuhura, haya ni maneno ya wenye afya zao. Mgonjwa yuko wapi?" Wallahi nilitamani ardhi inimeze.

Nikarudi kwa ajuza mmoja mwenye saratani ya tumbo. Bintiye alikuwa ameniambia mama hajui ugonjwa wake, ataka utulivu tu. Nikaketi, nikamuuliza mwenyewe. Akanishika mkono: "Najua tangu zamani, binti. Nimechoka na huu ukimya. Nataka kitanda kielekee dirishani, na nataka mtu wa kuzungumza naye kabla sijafa." Kisha akaninong'oneza nisimwambie bintiye kwamba anajua, asije akahuzunika. Masikini! Mama na mwana, kila mmoja anamficha mwenziwe. Kitanda tulikigeuza siku ile ile.

Basi hilo la jipu siandiki. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini sisi twamficha mwenye maradhi! Mjomba atanuna, atasema Ulaya imeniharibu. Na aseme. Nairobi huenda ikamsaidia, nami ningependa aende. Lakini titi ni lake. Akisema hataki kisu, ataka kubaki kwake, basi abaki, hata ikiwa sitamkuta. Hapa nimelia, sikufichi.

Nisalimie Mjomba ajapokasirika, shangazi anayemkanda Bibi miguu, na Mama Kadzo, jirani yetu anayewaletea uji.

Karatasi ya pili humu ndani ni ya Bibi. Nimemuuliza tu anajua nini juu ya titi lake, na ataka nini. Msomee mkiwa wawili, kisha usimjibie.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Zuhura