Lenga-lenga Mbele ya Basilika

Maman wangu mpendwa,

Jumamosi tulirudi Koekelberg kwa yale matembezi ya watoto wa parokia. Hayajabadilika: tunashuka metro, watoto wanapangwa wawili wawili, mwongozaji anawaeleza miti na historia ya mtaa, kisha tunamalizia kwenye ngazi za basilika kwa mikate ya mafuta. Safari hii mikate niliikaanga mimi, nikaibeba kwenye mfuko wako wa soko. Ilikuwa migumu, ila watoto waliitafuna hivyohivyo.

Mwaka juzi ulikuja nasi. Mwongozaji, mama mmoja wa Kibelgiji, mpole sana, alikuwa akisimulia habari za mfalme aliyeweka jiwe la kwanza pale. Nilikuangalia nione utasema nini, maana kwetu, alikotutawala, mfalme huyo anajulikana kwa mikono ya watu iliyokatwa. Kumbe hata hukuwa unasikiliza. Macho yako yalikuwa kwenye bustani ya maua mekundu ya mchicha.

"Eh, lenga-lenga hii! Banaiacha inazeeka buru," ulisema. Ukavuka ukingo, ukaingia hadi katikati na kuanza kuvunja ncha changa. Mwongozaji akasema kwa adabu kwamba hayo ni maua ya manispaa. Kifaransa chake ulikielewa vizuri, ila ulinijibu mimi: "Maua, bon, sawa. Lakini sisi tunakulaka." Ukawaita watoto waje waone. Esther wangu, alikuwa na miaka mitano, akaanza kuchuma majani ya ukingoni ili akusaidie. Ukamkataza.

"Ya pembeni hapana, chérie. Mbwa banakojoleaka."

Jioni tulikula lenga-lenga ya manispaa kwa bukari, ugali wetu, nayo ilikuwa tamu.

Tangu tukuzike, Esther hajatamka neno la Kiswahili. Wewe ndiye uliyekuwa ukizungumza naye. Mimi na baba yake tumezoea Kifaransa, ndicho chepesi mtu akitoka kazini amechoka. Nikimtajia wewe, Koko, bibi yake, hunijibu "je sais pas", eti hajui, na kuendelea na mambo yake. Sikumlazimisha. Unajua mimi si mtu wa kulialia, lakini hilo liliniuma, na niliogopa. Nilidhani umeshamtoka kichwani, na kwamba nitabaki peke yangu kukukumbuka humu nyumbani.

Kwa hiyo Jumamosi, tulipofika kwenye ile bustani, kwa makusudi sikumwonyesha Esther kitu. Maua yalikuwepo, mekundu vilevile. Mwongozaji wa sasa ni kijana, anaongea haraka, na alikuwa ameshafika kwenye habari za mfalme. Esther aliyapita maua, akasimama, akarudi nyuma. Rafiki yake naye akainama kuchuma jani la ukingoni. Esther akamshika mkono.

"Ya pembeni hapana," alisema. "Mbwa."

Kisha akavuka ukingo na kwenda hadi katikati, akiinua magoti juu kama ulivyofanya wewe. Akachagua zile changa tu. Sijui hilo ulimfundisha lini.

Kijana aliacha kusimulia. Alinitazama, akingoja nimwite mtoto wangu atoke. Watoto nao wakanitazama.

Nikatoa mikate yote kabla hata hatujafika kwenye ngazi, nikawagawia, nikampanulia Esther mfuko wako atie majani.

Pumzika, Maman. Tumekula, tumeshiba.

Mwanao,
mama yake Esther