Mlima Juu ya Kaburi Lako

Dada Mwanaidi,

Nipo chumbani kwangu Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika huku kwa Wachina, mabelo ya nguo yamejaa mpaka mlangoni. Ajenti wa mizigo anapiga simu, sipokei. Mlima wenu umeanza tena kunguruma.

Binti yako Eleni alinipigia asubuhi nikiwa soko la Zhanqian, nabishania bei ya magauni. "Mjomba, ukuta wa makaburi umepasuka. Ufa umepita karibu na kaburi la mama." Laobani, yule bosi mwenye duka, akaniuliza, nachukua au sichukui? Nikaondoka bila kumjibu.

Unakumbuka ulivyonisimulia huo mji wa mumeo kule Ugiriki? Ndiyo kwanza umetoka Tanga, unaongea kwenye simu huku meno yanagongana kwa baridi. Mji wenyewe ni mtaa mmoja, ulisema: kanisa, mkahawa, na wazee wanaojua umekula nini jana. Walikutazama mwaka mzima bila salamu. Ulipougua wakaleta supu kwa zamu, na ulipofariki wakakupa kona kwenye makaburi yao, wewe Mwislamu wa Tanga.

Ukaniambia pia kwamba mji wa kwanza ulikuwa chini, bondeni. Mlima ukanguruma, watu wakaonywa, wakakataa kuyaacha makaburi ya wazazi wao. Ukawafukia pamoja nayo. Waliosalia wakajenga juu kidogo, chini ya mlima uleule. Ulicheka sana: "Wakaidi hawa! Mimi nikisikia jiwe moja tu, nambeba mwanangu nakimbia. Aliyekufa amekufa."

Eleni aliniambia mvua haikatiki huko. Majirani wameondoka. Mbuzi wamekataa kupanda malishoni, hata wakipigwa. Ila Shemeji Yorgo alikuwa hataki kutoka, na Eleni hamwachi baba yake. Nikampigia Shemeji. Kwa Kiswahili ulichomfundisha wewe akasema, "Mwanaidi aliacha kwao kwa ajili yangu. Leo mimi nimwache peke yake?"

Dada, nilitaka... sijui nilitaka nini. Halafu nikamwambia maneno yako, yote, pamoja na kicheko chako. Nikasikia mngurumo nyuma yake, kama lori linamwaga kokoto. Eleni akapiga kelele, "Baba!" Simu ikakatika.

Nilikaa kwenye ngazi za soko, watu wananiruka na mizigo yao. Nilipiga, nikapiga, haiiti.

Alasiri ndipo Eleni akanitumia ujumbe. Wametoka. Wako mji wa jirani, kwa rafiki ya baba yake. Nyumba yenu bado imesimama, lakini barabara imefungwa nyuma yao. Wataalamu wanasema kilichoanguka ni kidogo. Mlima wenyewe bado. Yorgo hali chakula. Amekaa dirishani, ameuelekea mlima.

Mwanaidi, utafunikwa, na hakuna hata mmoja wetu atakayekuwepo. Nisamehe kukwambia hivi waziwazi. Naenda kwao mara viza ikitoka. Shemeji akitaka kurudi kukutafuta nitamzuia, nakuahidi, hata akinilaani, hata akilia.

Lala, dada yangu. Kwaheri.

Mdogo wako,
Bakari