Mgeni wa Bibi, Iguguno

Shikamoo dada Neema,

Huku upepo unarusha makapi ya alizeti mpaka kwenye uji. Bibi na majirani wanaongea Kinyiramba, mimi natabasamu tu.

Jana alikuja mdadisi wa utafiti wa nguvu kazi, dada mmoja mwenye kishikwambi. Alimkuta bibi anapura alizeti, akamuuliza kama wiki iliyopita alifanya kazi yoyote, hata ya saa moja.

"Kazi gani, mjukuu wangu? Mimi nakaa tu."

"Na hiyo fimbo, bibi?"

"Hii? Hii ni alizeti tu."

Mdadisi akacheka. Alisema zamani hata nchi tajiri ziliwaandika wanawake kama bibi kuwa hawana shughuli, baadaye nchi zikakubaliana kuuliza hata habari za kuchota maji. Hapo ndipo nikaingia na ndoo kichwani.

"Na huyu?"

"Huyo mgeni. Kwao Manyoni."

"Basi huyo atahesabiwa kwao," akasema, akaendelea na maswali.

Bibi hakukosea, dada. Ila tangu nimalize mtihani nachota maji hapa kila asubuhi, na nilitamani sana aseme mimi ni wa hapa. Nilitaka kusema kitu kwa Kinyiramba, kikanijia Kiingereza cha shuleni, nikaishia kutua ndoo. Nakwambia wewe tu.

Wadadisi wakifika huko nyumbani, kaa karibu na mama. Akianza kuwataja wanaoishi hapo, asinisahau. Na kitanda changu msikiwekee nguo.

Mdogo wako anayewawaza,
Pendo