Fimbo Niliyoikinga

Mjukuu wangu Halima,

Huku Garsen tu wazima. Mpunga umeanza kutoa masuke, na mguu wa mama yako umepona. Unaniuliza kama uache karate, kwa sababu kila ngumi ikija unafumba macho.

Sikufichi, nakuonea wivu. Nilipokuwa msichana, mjomba wangu alimfundisha kaka yangu kukinga fimbo. Mimi nikapandishwa dungu la kulindia mpunga, nifukuze ndege. Kutoka kule juu niliiba kila pigo kwa macho. Siku moja nikashuka na fimbo yangu, nikamwambia kaka, "Nipige."

"Rudi kwa ndege wako, wewe!" Akacheka, akapiga. Nikafumba macho, fimbo yake ikanipata vidoleni. Akapiga tena, nikafumba tena. Pigo la tatu nililitazama mpaka likafika, fimbo zikagongana ko!

Mjomba alikuwa anatazama. Akampigapiga kaka begani kumpongeza: "Umemfundisha vizuri." Mimi akanirudisha kwa ndege.

Mpaka leo linaniuma. Wewe una mwalimu anayekuita kwa jina lako, halafu unataka kumwacha? Rudi ukapigwe, macho wazi. Na likizo ukija, unifundishe. Fimbo ninayo. Ndege, babu yako atawafukuza.

Ni mimi, bibi yako.